Msanii akibadili muziki, mlete kwenye kupamba

Kila msanii mkubwa akitoa wimbo wa mtindo mpya, simu yangu hujaa voisi za watu wazima wakilalamika. "Amepotea huyu." "Amewaiga Wasauzi." "Tulimpenda alipokuwa akiimba, sasa apiga kelele." Nawasikiliza wote kwa adabu kisha najinyamazia. Mimi ni dijei wa harusi za wanawake hapa Mombasa, na katika kazi hii hukumu haitoki mdomoni, yatoka kiunoni.

Kwa asiyekuwa wa pwani: kupamba ni ile sherehe ya usiku ambapo bibi harusi hutolewa kapambika, akakalishwa jukwaani atazamwe, na ukumbi mzima ni wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, simu zimekusanywa mlangoni, na mwanamume aliye karibu zaidi ni yule wa jenereta huko nje. Watu huanza kumiminika baada ya isha. Bibi harusi mwenyewe hatoki kabla ya saa nne, tena hiyo ni familia iliyojipanga. Hapo katikati ni zamu yangu kuinua watu vitini. Meza moja ina bibi aliyekulia Kibokoni, na ubavuni mwake mjukuu aliyefunga leso kiunoni juu ya gauni la Dubai. Wote wawili wamekuja kucheza. Wimbo ukiwasimamisha wote wawili, huo una maisha marefu. Ukimsimamisha mmoja tu, naupa dakika mbili naukata.

Sasa hawa wanaosema kwamba kubadili mtindo ni ugonjwa ulioletwa na TikTok huwa nashangaa walikulia wapi. Nina maboksi ya kaseti niliyoachiwa na mjomba wangu, nyingi zikiwa za Mbwana Radio Service, wale waliokuwa wakirekodi taarab ya hapa mjini. Humo ndani hakuna msanii hata mmoja aliyekaa pale alipozaliwa. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki 2014, alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, mengine yametungwa na malenga Ahmad Nassir. Tuni ya Bombay, maneno ya Mvita, na watu wazima wakitokwa na machozi. Zein l'Abdin, mtu wa Lamu aliyeifanya Mombasa kwake hadi alipofariki 2016, alishika udi akaelekea upande wa Waarabu. Mjomba alikuwa wa udi. Mamangu ni wa Bhalo mpaka leo, na ukimwambia kwamba Bhalo "aliiga Wahindi" hupewi chai.

Na kabla ya wote hao, Siti binti Saad alitoka Unguja mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili ile taarab ambayo kasrini kwa sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Hebu fikiria voisi ambazo wazee wa wakati ule wangetumiana.

Halafu kuna taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe. Nikiwaonyesha wasichana picha yake hudhani ni taipureta iliyofungwa nyuzi, na hawajakosea sana. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na vile vidude vya kubonyeza vilitokana na taipureta kweli. Ikapita njia zake za bahari ikafika kwetu, ikakaa katikati ya taarab ya Mombasa kana kwamba imezaliwa Mji wa Kale. Ukisikiliza Zuhura Swaleh, ile sauti nyembamba ya kukwaruza inayokimbizana na yeye mwanzo hadi mwisho ndiyo hiyo. Zuhura nampiga sana. Yeye aliitia taarab mwendo wa chakacha, maneno yakawa makali, na hata aliyekuja kwa kula biriani tu hujikuta yuko katikati ya ukumbi.

Chakacha yenyewe ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Ilikuwa ngoma ya ndani, ya wanawake, ya harusi: chapuo, msondo, vumi, na kiuno. Miaka ya 1980 bendi ya Mombasa Roots ikaichukua, ikaitia besi na kinanda na mwendo wa disko, ikaitoa hotelini. "Disco Chakacha" ikapigwa mpaka Nairobi. Mamangu asimulia kwamba yeye na shoga zake waliona ni fedheha tupu, mambo ya chumbani kwa bibi harusi yanatazamwa na wanaume na Wazungu wa pale ufukweni. Leo nikiipiga, yeye ndiye wa kwanza kuomba leso ya kujifunga. Mimi simkumbushi. Them Mushrooms nao, vijana wa hapa hapa, walipita rege, wakapita chakacha, wakapita zilizopendwa, na kila kituo walipata abiria.

Kwa hivyo msanii akibadilika, mimi sishtuki. Nasubiri Jumamosi nione alichobaki nacho. Kwa kuwa ukibadili ngoma, bado una mdomo: namna yako ya kutamka, kuvuta neno, kufumba jambo ili mwenye kujua ajue. Aliyebadili ngoma akabaki na mdomo wake, wanawake humfuata popote. Aliyebadili vyote kwa siku moja huwa ni mgeni mwenye jina la mtu tunayemjua.

Mchukue Zuchu. Mamake ni Khadija Kopa, mwimbaji wa taarab, ambaye naye alianzia kikundi cha Culture Musical Club huko Unguja, kisha miaka ya 1990 akavuka kwenda Dar na kundi la TOT. Huko taarab ikawa ya vinanda vya umeme, ya mipasho ya wazi, ya kusimama na kujibizana badala ya kukaa kitini na kutikisa kichwa. Wapenzi wa fidla na ganuni waliona dunia imekwisha. Haikwisha. Binti naye akatoka mwaka 2020 na WCB, lebo ya Diamond Platnumz, kwenye bongo fleva, kompyuta kila mahali, lakini katika kazi ile ile ya kwanza akaweka "Mauzauza" aliouimba na mamake. Mwaka uliofuata ikaja "Sukari". Nikiweka "Sukari", yule bibi wa Kibokoni hamjui Zuchu ni nani. Anachosikia ni neno linavyonyongwa mwishoni, kubembeleza na kuringa kwa pumzi moja, na hayo ayajua tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwari. Anainuka. Mjukuu tayari ameshainuka zamani.

Diamond Platnumz ni kesi nyingine, nayo ni ngumu. Kijana wa Tandale alitujia akiimba mapenzi ya kulalamika, ya kusalitiwa na kuomba radhi, na tulimwelewa. Halafu 2014, alipokuwa na Davido wa Nigeria kwenye remix ya "Number One", akawa ameshika njia ya Naija. Mwaka 2021 akaingia amapiano na "Iyo" pamoja na Focalistic wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 "Komasava". Kwenye ukumbi wangu "Iyo" ni ya wasichana peke yao, tena wale wanaojua hatua zake. "Komasava" hupanda kwa kila mtu, pamoja na mama mpishi anayechungulia kutoka jikoni. Nimefikiria sana kwa nini, na nadhani ni kwa sababu imejaa salamu, mtu anaulizwa hali kwa lugha hii na ile, na Mswahili hawezi kusalimiwa akakaa kimya. Wao huitikia kwa sauti kubwa hata spika zangu hazisikiki. Huyo ni Diamond mwenye mdomo wake, juu ya ngoma ya watu wengine.

Lakini na mimi nina malalamiko yangu, tena ni ya kazi.

Amapiano ilizaliwa vitongojini mwa Johannesburg na Pretoria katika miaka ya 2010. Ile niliyoanza kupewa kwenye fleshi ilikuwa na wimbo wa dakika saba. Dakika mbili za mwanzo hapana kitu ila njuga na kinanda kidogo cha kijazi, watu wanaongea, wanarekebisha mitandio, halafu ndipo ile besi inaingia ikidunda kama mtu anayebisha mlango wa mbao kwa ngumi. Kwa kuwa umeingojea, mwili wote unaitika. Wasanii wetu wa Kiswahili wakaichukua besi wakaacha subira. Wimbo ni dakika tatu, besi iko mlangoni tangu sekunde ya kumi, na mwimbaji yuko juu yake haachi hata nafasi ya mtu kupumua. Moja ukiipiga ni tamu. Ukizipanga tano mfululizo, za wasanii watano wakubwa tofauti, ukumbi hausikii kwamba umebadilisha wimbo. Niliwahi kumuuliza msichana mmoja hapo mbele, "Huyu anayeimba sasa ni nani?" Akasikiliza, akacheka, akasema, "Dijei, wote hao si mmoja?"

Hapo ndipo mdomo unapopotea. Mtu aliyekuwa na sauti unayoitambua ukiwa bado uko kwenye tuktuk nje ya ukumbi, leo amepitishwa mashine mpaka akawa laini kama wenzake. Simtaji, maana harusi za ndugu zake hupigwa hapa hapa mjini, na mimi nahitaji kazi.

Singeli nayo ina kisa chake. Hii ni ya uswahilini Dar, mwendo wa mapigo mia mbili kwa dakika na zaidi, watoto hucheza kama wamekanyaga makaa. Mama wazima huikimbia. Ila mara moja moja huwaona wakisita njiani kurudi mezani, wametega sikio, kwa sababu baadhi ya mafundi wa singeli walianza kwa kukata vipande vya mianzo ya taarab na kuviendesha mbio. Ndani ya ile vurugu kuna kinanda wanachokijua. "Mbona mwaikimbiza hivyo?" aliniuliza bi mmoja, kama kwamba mimi ndiye niliyeishika nyimbo nikaitia viboko.

Na wale wanaopenda kusema "rudi ulikotoka" mimi huwatajia Beyoncé. Mwaka 2022 alitoa albamu ya muziki wa hausi, ya kilabu. Mwaka 2024 akageuka akatoa "Cowboy Carter", kantri, gitaa na kofia pana. Wakaanza: kantri si yake. Huyu ni mzaliwa wa Houston, Texas, na mwaka 2016 alishasimama kwenye jukwaa la tuzo za kantri za CMA pamoja na The Chicks, na maneno yakawa mengi vile vile. Banjo kwenye "Texas Hold 'Em" imepigwa na Rhiannon Giddens, na banjo yenyewe asili yake ni vyombo vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Huo wimbo ukamfanya mwanamke mweusi wa kwanza kushika nambari moja ya chati ya nyimbo za kantri za Billboard, na Februari 2025 akachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Sasa ni nani aliyekuwa hajarudi alikotoka?

Lakini niseme na upande wa pili. Bibi harusi mmoja wa Tudor, msomi, aliutaka wimbo huo uingie wakati rafiki zake wa chuo wanapita katikati. Nikauweka. Wasichana wakajipanga mistari, wakageuka kulia, wakageuka kushoto, walijifunza vizuri. Meza nyingine zote zikaona ni nafasi nzuri ya kumalizia sambusa. Shangazi ya bwana akanisogelea polepole, "Mwanangu, hii ni ya sinema gani?" Ukubwa wa wimbo duniani na ukubwa wake pale ukumbini ni mambo mawili, na bili yangu hulipwa na ukumbi.

Kuna ufundi mmoja hapa niueleze, maana vijana wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza kila mara: watoka vipi chakacha ukaingia amapiano bila kumwaga watu? Chakacha yahesabiwa tatu tatu. Amapiano yahesabiwa nne nne. Ukivipandisha pamoja kwenye mashine kama ulivyozoea na nyimbo za bongo, miguu inajikwaa. Utaona kabisa mtu anasimama, anatazama chini kama kadondosha hereni. Programu ya kompyuta itakwambia mwendo ni sawa. Usiiamini.

Mimi hufanya hivi. Naiacha chakacha ifike mahali watu wamepagawa, leso zimeshuka nyongani, halafu nazima muziki kabisa. Kimya. Mara ya kwanza ukifanya hivyo utaogopa, lakini wanawake wa Mombasa hawaachi kimya kikae. Vigelegele vinapanda, na makofi yanaanza yenyewe, yale ya vugo, ngoma ya harusi, kila meza na zamu yake. Nayaacha. Makofi yakiwa ya watu wengi hujivuta taratibu mpaka yakawa pigo moja kubwa, pa, pa, pa, na lile pigo kubwa ni la wote, la tatu na la nne. Hapo natia njuga za amapiano chini kwa chini, zifuate makofi. Wao ndio wananiongoza, mimi nafuata kwa kidole kwenye kitufe cha kuongeza mwendo. Besi naizuia. Naizuia tena. Mpaka yule bibi wa meza ya mbele ananitolea macho, ndipo naiachia. Bibi aliyesema amapiano ni kelele anacheza amapiano, na akifika kitini atakuambia alikuwa akicheza chakacha. Yuko sawa.

Nyashinski nampitia haraka kwa sababu hana matatizo. Alikuwa wa kufokafoka na kundi la Kleptomaniax, akaenda Marekani miaka mingi, akarudi 2016 akiimba kabisa, na "Malaika" yake nimeshaipiga kwenye harusi hata nimechoka nayo. Lakini maharusi hawajachoka, basi inabaki kwenye fleshi.

Ninachongojea sasa ni vijana wetu wenyewe. Wenzao wa Nairobi wamezichukua ngoma za genge, ile rap ya Nairobi ya miaka ya 2000, wakazigeuza wakaziita arbantone, na watoto waliozaliwa baada ya nyimbo hizo kutoka wanazicheza kama zao. Kisauni na Likoni studio zimejaa, kila chumba kina kompyuta na godoro ukutani la kuzuia sauti. Na wengi wa vijana hao, nikiwatembelea, wananipigia nini? Besi ile ile ya kubisha mlango. Mmoja nilimsikilizisha kaseti ya Zuhura kwenye simu, dakika moja tu ya taishokoto, akanyamaza, akaomba nimtumie. Nikamtumia. Wiki iliyofuata akanirudishia kitu: taishokoto imekatwa vipande vidogo, chini yake msondo wa kweli uliorekodiwa kwa mwanamke wa Mtongwe, na besi imewekwa mbali, inakuja inapoitwa. Hakijaisha, sauti ya mwimbaji bado ni mbovu, na ubeti wa pili una tusi ambalo haliwezi kupita kwenye ukumbi wenye mashangazi.

Nimemwambia alitoe hilo tusi, atafute mwimbaji wa kike, na aniletee faili yenyewe kutoka studio, si iliyopakuliwa YouTube ikapoteza besi njiani. Nina harusi Bondeni mwisho wa mwezi wa Mfunguo Mosi. Akiwahi, nitaiweka saa tatu na nusu, kabla bibi harusi hajatoka, watu wakiwa bado na nguvu.